Papa Aliyekata Daraja

Hapana, ngoja kwanza. Usiniambie ningenyamaza kwa sababu ni matanga. Wewe hukuwepo, umesikia tu. Mtu anakula sombe ya mama yangu, amekalia kiti tulichoazima kanisani, picha ya papa iko pale mezani na mshumaa wake, halafu anamwinamia mwenzake na kusema, mimi nikiwa nyuma yake na sufuria ya wali: "Eti Kamanda! Kamanda wa magari ya wazungu." Akacheka. Nikamnyang'anya sahani, nyama bado iko ndani. Ndiyo, nilimnyang'anya, na akirudi kesho nitamnyang'anya tena. Lakini wewe, tumekua wote kwenye ngazi za Berea, na wewe unaniuliza kama kweli alikuwa kamanda? Unasema kila mkimbizi akifika Durban, kule kwao alikuwa daktari ama mtoto wa chifu? Basi kaa. Nitakwambia yote, hata ile sehemu yangu ambayo sipendi kuisema.

Juzi nimefungua sanduku la papa nitafute cheti chake cha ubatizo. Chini kabisa iko kopo ya rangi ya viatu, nyeusi, imekauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Nimenusa. Eish. Nikakaa sakafuni na kile kifuniko mkononi, nikawa na miaka tisa.

Harufu ile ndiyo ilikuwa inaniamsha kila asubuhi. Tulikuwa na chumba kimoja ghorofa ya nne, pazia katikati, upande wa pili iko familia nyingine. Papa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kiatu kimoja kwenye mkono wa kushoto kama glovu, na kitambaa kinazunguka, kinazunguka. Anatemea mate kidogo, anazungusha tena. Halafu anavaa jile yake, kizibao cha njano, na anashuka kwa miguu hadi Morningside, kwenye yale maduka, kulinda magari ya watu wanaonunua nyama na maua.

Alikuwa na wenzake sita pale, wote wa kwetu, na yeye ndiye aliyewapangia safu za magari. Siku za likizo alikuwa ananichukua, kwa hiyo usibishe, niliona kwa macho yangu. Kabla gari la kwanza halijaingia anawasimamisha kwenye mstari nyuma ya mapipa ya taka, anapita mmoja mmoja, anaangalia miguu. Uso hauangalii. Miguu. "Jeshi inakufa kwa miguu mbele ya kufa kwa risasi," alikuwa anasema. Aliyekuja na kiatu kilichotoboka alirudishwa nyumbani na jozi ya papa mwenyewe. Na jioni, yeye ndiye wa mwisho kutoka. Kila siku. Wenzake wameenda, duka limefunga, mvua inanyesha, yeye bado amesimama. Mama alikuwa anamgombeza: "Magari yamekwisha, papa. Unalinda lami?" Yeye anavua viatu tu. Mimi nilijua sababu, ama nilifikiri najua: wakubwa wa jeshi ndivyo walivyo, wanapenda kuwa wa mwisho ili wasalimiwe.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja, na hii unielewe vizuri. Ndani ya mlango papa ni Kamanda. Nje ya mlango papa ni mwalimu. Kwenye karatasi zake za kuomba hifadhi aliandika mwalimu wa shule ya msingi, na faili ya mama imefungwa ndani ya faili yake, na yangu ndani ya ya mama. Ukiandika "askari", wanakuuliza uliua nani, na ukijibu ama usipojibu, ni mwisho. Hayo nimeyajua baadaye. Mimi mtoto nilielewa vingine. Nilijua papa alikata daraja, na adui akabaki ng'ambo ya mto, na sasa adui amekasirika, anangojea daraja litengenezwe aje kumtafuta. Ndiyo maana tunasema mwalimu, ili adui asimjue. Kila tukipita daraja la Umgeni kwenda kwa shangazi nilikuwa naangalia zile nguzo na kuuliza, "Hili nalo linakatika?" Papa ananishika mkono tu, anaangalia mbele.

Jumapili baada ya misa walikuwa wanakuja tonton watatu, ndivyo tunavyowaita rafiki za baba, na mkubwa wa kelele alikuwa Tonton Remi. Mama anapika fufu na makayabu, samaki wa chumvi, wanakula, halafu Tonton Remi anapiga meza: "Kamanda, tupeleke darajani!" Na papa, ambaye wiki nzima hasemi maneno kumi, anapanga vita mezani. Sahani ya mifupa ni mlima, barabara ya adui inashukia pale. Kijiko ni daraja la chuma. Bakuli ni mji. Vifuniko vya soda ni askari. Anaeleza wakubwa walivyokuwa mbali, wanatoa amri kwa redio, hawajui mto una upana gani. Anaeleza alivyoona kwamba hawezi kushika mlima, watu wake wachache na risasi zinaisha, kwa hiyo lazima ashike mto. Kushika mto ni kushika daraja, na kama huwezi kulishika unalikata kwa baruti. Adui anashuka na malori yake, anafika kwenye maji, papa anaangalia saa, anaangalia tena, anaondoa kijiko. Hivi. "Jeshi nzima kule, mji mzima huku!" Tonton Remi analia kabisa, machozi. "Mwanaume! Huyu ndiye mwanaume aliyeamua vita!"

Mara moja tu niliuliza, "Papa, nani alibaki ng'ambo?"

"Watu," akasema, akaanza kukusanya vifuniko.

Na mara moja tu nilimwona amekasirika mbele ya wageni. Tonton Remi alinipitishia soda akasema, "Chukua, kadogo wa Kamanda." Papa akapiga meza hadi mlima ukaanguka. "Usimwite vile! Katika nyumba yangu, hapana!" Kadogo kule kwetu ndiyo jina la mtoto aliyepewa bunduki, wewe unajua. Mimi sikujua. Nilikwenda kujipima kwenye fremu ya mlango. Nilifikiri papa amekasirika kwa sababu mimi ni mrefu.

Haya. Sehemu yangu sasa.

Jumamosi mama alikuwa anasuka nywele Isipingo, karibu na stendi ya taksi, chini ya turubai la bluu, na mimi ninamchambulia zile nywele za kuongezea. Kiti cha pili alikaa mama mmoja wa Tanga, na binti yake Neema, mwaka mmoja zaidi yangu, mdomo kama wembe.

"Hivi baba'ako si yule wa Morningside?" akaanza.

"Wa Morningside gani?"

"Wa kizibao cha njano. Tumemwona juzi na mama. Mzungu anarudisha gari nyuma, baba'ako anafanya hivi." Akasimama katikati ya njia, akainua mikono, akatembea kinyumenyume, akapiga kisigino na kuinama. "'Njoo bosi, njoo bosi, sharp bosi!'"

Walicheka wote. Hata mteja wa Kizulu aliyesukwa nusu kichwa alicheka, naye hata Kiswahili hajui. Mama hakucheka. Kitana chake kilisimama tu kwenye nywele.

Mimi damu ilipanda. Unanijua. "Papa yangu ni kamanda!" Nikachukua vitana vya mama, nikavipanga kwenye simenti. Hiki daraja, hii chupa ya mafuta mlima. Nikataja mto. Nikataja mji. Nikataja majina ya papa, yote matatu. Mama aliruka, "Wee! Funga kinywa!" lakini nilikuwa nimeshaondoa kitana. "Jeshi nzima kule! Mji mzima huku!"

Kwenye ukuta pale alikuwa amekaa kijana mmoja anayeuza mikanda, ameitundika begani kama nyoka. Mguu mmoja ameunyoosha, haukunji. Akaamka, akaja polepole, akamsalimia mama kwa adabu, "Jambo, mama." Halafu akaniinamia, kile kiguu pembeni.

"Dada mudogo. Siku ya daraja papa yako alikuwa na saa kwa mukono?"

Nilifurahi! Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu kidogo kama kile. "Ndiyo! Aliiangalia mara nyingi!"

"Mara nyingi," akasema. "Miye niko Deo. Nilikuwa kule. Niko mutoto yake ya jeshi."

"Papa yake ni mwalimu," mama akasema haraka. "Huyu mtoto ni mwongo."

"Ni sawa, mama," akasema yule kijana, akarudi kwenye ukuta wake.

Mama alipokwenda kuchota maji nikamfuata Deo pale ukutani. Nikampa jina la barabara, rangi ya jengo, ghorofa, mlango. Nikamwambia aje Jumapili baada ya misa, wote watakuwepo. Nikamwambia hata, "Njoo na njaa." Nilitaka shahidi. Unaelewa? Nilitaka mtu wa kusimama mbele ya Neema na Isipingo yote na kusema, ndiyo, nilimwona.

Alikuja. Kijiko kilikuwa bado mezani, Tonton Remi yuko kwenye machozi yake. Nilifungua mlango nikapiga kelele: "Papa, nimekuletea askari wako!"

Papa akasimama. Sijawahi kumwona mtu anasimama vile, visigino pamoja, mikono imenyooka kwenye suruali ya kanisani.

"Deo," akasema.

"Komanda."

"Ikala, ukule." Akamwonyesha kiti.

"Siikale." Halafu, na hii ndiyo inayoniua hadi leo, akaomba ruhusa. "Naweza sema, Komanda?"

"Sema."

"Karibu, mwanajeshi!" Tonton Remi anavuta kiti, amefurahi. "Tuambie wewe mwenyewe!"

Deo akaja mezani. Akaangalia mlima, mji, kijiko. "Hii ni sawa," akasema. "Hawa ni adui, sawa." Akachukua vifuniko vichache kutoka upande wa papa, akavivusha, akaviweka kwenye kichwa cha daraja, uso kwa uso na adui. "Hawa munawasahau. Ni siye. Alituweka hapa tucheleweshe adui, watu wa mulimani wapate kuvuka. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, bunduki ilinipita urefu. Alituambia, mukisikia filimbi, mukimbie, muvuke." Akaweka kidole juu ya kijiko. "Filimbi haikulia. Tulisikia daraja."

Nyuma ya pazia redio ya jirani inaimba.

"Ilikuwa amri," Tonton Remi akasema. "Kamanda, si ni amri? Ilitoka juu!"

"Amri ilisema saa sita," papa akajibu. "Nilikata saa sita na dakika arobaini."

"Ni kweli," Deo akasema. "Alichelewa. Ile pia nitaisema, siwezi kumusingizia."

Na mimi, mtoto mjinga, nilipiga makofi. Mawili, matatu. Nilifikiri tumeshinda. Mama akanishika mkono, akanikaza hadi mfupa ukauma.

"Ningepiga filimbi mungekimbia," papa alikuwa anasema, hamwangalii mtu, anaangalia kijiko, "na wao wangekimbia nyuma yenu. Mungeingia kwa daraja pamoja. Ningekata na nyinyi juu, ama nisikate kabisa."

"Najua, Komanda. Nimekuwa mukubwa, najua. Lakini siku ile nilikuwa nangojea filimbi." Halafu akamwangalia mama, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kitu ukutani. "Na bibi yako alikuwa ku upande yako."

Mama alikuwa kwenye mji ule. Sikujua. Nilikuwa na miaka tisa na hakuna aliyeniambia kwamba mama yangu alikuwa ndani ya bakuli.

"Sema mbele yao," Deo akasema. "Sema ulituacha. Sitaki kitu ingine."

"Niliwaacha," papa akasema.

Deo akapiga saluti, akageuka na ule mguu wake, akashuka ghorofa nne zote. Tulimsikia hadi chini. Tonton mmoja akakumbuka ana safari. Mwingine akafuata. Tonton Remi ndiye alikaa kidogo, anachezea kifuniko cha soda, halafu naye akachukua kofia.

Nilingoja mkanda. Nilijua nimevunja sheria, nilijua napigwa. Papa akaniita. "Ulimwambia aje kula?"

"Nilimwambia aje na njaa."

"Hakula," akasema. Akamwomba mama aweke sahani, aifunike. Ilikaa pale siku tatu, hakuna aliyeigusa, hadi mama akaimwaga.

Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote maishani mwake. Ni bora angenipiga.

Jumapili iliyofuata, mlangoni kwa kanisa, Tonton Remi akamnyooshea papa mkono wa ncha za vidole. "Habari, Mwalimu?" Na wenzake wakacheka kidogo, ile ya puani. Tangu siku ile ikawa hivyo. Mwalimu huku, Mwalimu kule. Walichukua jina la kujificha wakamvika kama gunia. Watu waliokuwa wanalia kwa ajili yake! Na kila alipokwenda kwenye foleni ya kurudisha karatasi ziongezewe muda, papa alikuwa anatoka jasho hadi kola inalowa, hajui nani amesema nini kwa nani. Hakuna aliyemchoma kwa watu wa ofisi, nashukuru. Lakini aliishi hivyo miaka yote, na ni mdomo wangu uliomweka pale.

Alimtafuta Deo Isipingo, akampa safu yake mwenyewe pale Morningside, ile yenye kivuli. Deo aliichukua. Kipupwe kizima walisimama kwenye pakingi moja, wawili hawa. Papa anapeleka chai kwa mkono wa mtu mwingine. Halafu Deo akaenda Cape Town. Papa akaendelea kubaki wa mwisho kila jioni, na mimi ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hangoji kusalimiwa na mtu.

Mimi sikumaliza shule, unajua. Nimejifunza kutengeneza simu peke yangu, na nimejifunza vita peke yangu, kwenye simu hizo hizo, ndani ya taksi, kwenye foleni. Nimesoma vita za ndugu kwa ndugu za nchi nyingi, na kila moja iko na mto wake, na kwenye mto iko daraja, na kwenye daraja iko mtu mmoja na saa. Mji ukipona wanamwandika mkubwa wa vita. Waliobaki ng'ambo wanapewa nusu mstari, "baada ya hasara ndogo". Mji ukianguka hata yeye hapewi mstari.

Wa kwetu ulianguka. Hiyo papa hakuwahi kuipanga mezani. Aliniambia mwaka huu, hospitali, pumzi inakatika. Adui alipanda juu ya mto, akapata mitumbwi, akavuka mahali ambapo hakuna aliyelinda. Siku kumi na moja baada ya daraja. "Kumi na moja tu," akasema. Mama alitoka kwa miguu siku ya nne, yeye na maelfu. Kama daraja lingesimama asingetoka, na mimi nisingekuwepo hapa nikikupigia kelele. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, papa, mimi niko ndani ya zile siku kumi na moja. Akageuza uso ukutani. "Wao pia walikuwa na mama zao," akasema.

Kwa hiyo usiniambie alikuwa mwoga. Mwoga angekata saa sita kamili, angesema ni amri, angelala. Dakika arobaini alisimama na mji mzima mgongoni na watoto wake mbele, na hakuna jibu zuri upande wowote, na alichagua, na alibeba. Wale waliocheka hawajawahi kuchagua hata kituo cha kushukia.

Ulisikia kuhusu sahani. Sasa sikia iliyobaki. Ulipofika wakati wa ushuhuda, padri akauliza nani alimjua marehemu kule nyumbani, asimame. Tonton Remi alikuwepo. Aliangalia magoti yake. Deo nilimtumia ujumbe siku papa alipokufa. Umesomwa, hakujibu, na simlaumu. Watu zaidi ya hamsini, hakuna aliyesimama. Picha ya papa inatuangalia. Na yule mtu wa sahani, pembeni, bado anatabasamu.

Nikasimama mimi. Mama alinivuta sketi, nikaikunjua mikono yake. Nikasema yote. Cheo chake, mto, mji, filimbi, dakika arobaini. Majina yake, yote matatu. Wengine walikuwa wameinua simu wananirekodi. Nilipomaliza hakuna aliyecheka tena, na mama alikuwa ameweka kitambaa usoni, na nilifikiri analia kwa ajili ya papa.

Alikuwa analia kwa ajili ya faili. Mwezi ujao ana siku yake ya kurudisha karatasi, na karatasi hiyo bado inasema mke wa mwalimu. Tangu matanga yaishe hajanisemesha. Anapika, anaweka sahani yangu, anageuka.

Haya, wewe unayenijua tangu ngazi za Berea, usinizungushe na usinihurumie. Mara mbili nimemtaja mbele ya watu kwa sababu walimcheka. Nilimtetea, ama nilimuuza?